Je, Uhalifu wa Kutumia Nguvu Unaongezeka? Namna ya Kuzisoma Takwimu za Kata Yetu



Katika mikutano mikuu ya vijiji, ajenda ya ulinzi na usalama ndiyo huwaamsha hata waliokwisha kusinzia. Mzee mmoja husimama na kusema, "Siku hizi hali imechafuka, zamani hatukuwa hivi." Mwingine hudakia kwa habari aliyoisikia mnadani, na wa tatu huongeza aliyoyasoma kwenye simu. Mkutano hufungwa kila mmoja akiondoka na hofu yake, ilhali hakuna aliyeuliza maswali mawili mepesi: matukio ni mangapi, na ni ya aina gani?

Somo la toleo hili linahusu maswali hayo. Halikusudii kumtia mtu hofu wala kumpumbaza kwa kumwambia kwamba mambo yote ni shwari. Linakusudia kumpa mkazi wa kata uwezo wa kusikiliza taarifa ya uhalifu, kuipima, na kuamua la kufanya. Uwezo huo una thamani kubwa. Kijiji kinachoamini kimezingirwa na majambazi humtazama kila mgeni kama mwizi, na siku moja hupiga asiyestahili kupigwa. Kijiji kinachoamini kiko salama kabisa humfumbia macho mtu anayemuumiza mkewe au mwanawe ndani ya nyumba. Makosa yote mawili hugharimu uhai.

Tunazungumzia makosa gani?

Uhalifu wa kutumia nguvu ni ule ambao mhalifu humdhuru mtu mwili wake au humtishia kwa madhara hayo. Humo yamo mauaji, ubakaji, ulawiti, kujeruhi, shambulio, na unyang'anyi wa kutumia silaha au nguvu. Wizi wa kuku usiku wenye kuku wamelala ni kosa, lakini hauingii katika kundi hili.

Jeshi la Polisi, kwa kushirikiana na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, limekuwa likichapisha taarifa za hali ya uhalifu nchini. Katika taarifa hizo makosa makubwa hupangwa katika mafungu matatu: makosa dhidi ya binadamu, makosa dhidi ya mali, na makosa dhidi ya maadili ya jamii. Msikilizaji na awe makini hapa. Mauaji na ubakaji humo katika fungu la kwanza, lakini unyang'anyi wa kutumia silaha huhesabiwa katika fungu la pili, kwa kuwa kilicholengwa ni mali. Kwa hiyo anayetaka kujua hali ya makosa ya kutumia nguvu asiridhike na kusikia kwamba "makosa dhidi ya binadamu yamepungua." Aulize pia kuhusu unyang'anyi.

Uvumi, tukio na mwelekeo

Wahenga walisema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo ina hekima yake, lakini katika mambo ya usalama imewahi kutupoteza. Mambo matatu huchanganywa mara kwa mara: uvumi, tukio na mwelekeo. Historia ya karibu ya nchi yetu inatupa mfano wa kila kimoja.

Mfano wa kwanza ni wa Dar es Salaam. Jioni ya tarehe 2 Januari 2015, habari za kundi la vijana lililoitwa Panya Road zilienea jijini kwa simu na kwa midomo. Vurugu zilikuwapo katika baadhi ya mitaa, lakini hofu ilivuka mipaka ya vurugu zenyewe. Maduka yalifungwa na watu walikimbilia majumbani hata katika maeneo ambayo hayakuguswa. Kundi lilikuwa la kweli, na makosa yake yalikuwa ya kweli. Hata hivyo, kilichokimbia kwa kasi zaidi usiku ule kilikuwa uvumi. Mwenye kusikia kwamba jambo limetokea mahali kumi, huku mahali penyewe pakiwa pawili, hupanga ulinzi wake vibaya.

Mfano wa pili ni wa jirani zetu wa Liwale. Mwezi Aprili 2013, wakulima wa korosho walighadhibika baada ya kupata malipo ya pili yaliyokuwa pungufu ya matarajio yao. Nyumba za baadhi ya viongozi wa ushirika na wa siasa zilichomwa moto. Lilikuwa tukio kubwa na la kuhuzunisha, lakini halikuwa dalili ya majambazi kuvamia wilaya. Lilikuwa mgogoro wa fedha ulioachwa ukaiva hadi ukapasuka. Tukio la namna hii lina chanzo chake mahususi, na dawa yake ni kukishughulikia chanzo mapema: hesabu za ushirika zisomwe wazi, malalamiko yajibiwe, na mkulima aelezwe kwa nini amelipwa alicholipwa. Kuongeza doria peke yake kusingeponya kidonda hicho.

Mfano wa tatu ni wa Kibiti, wanakopita wasafiri wetu wakienda Dar es Salaam. Kufikia katikati ya mwaka 2017, makumi ya watu walikuwa wameuawa katika wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi 8 waliuawa kwa siku moja. Huko hapakuwa na uvumi wala tukio la pekee. Waliolengwa walifanana, wengi wao wakiwa viongozi wa vijiji na vitongoji pamoja na askari. Namna ya kuua ilifanana, maeneo yalipakana, na mambo yaliendelea mwezi baada ya mwezi. Huo ndio mwelekeo, na ndiyo maana Serikali ilianzisha kanda maalumu ya kipolisi katika eneo hilo.

Basi ukisikia kwamba "uhalifu umezidi," jiulize: je, ni habari iliyosafiri kuliko jambo lenyewe? Je, ni tukio moja lenye chanzo chake? Au ni matukio yanayofanana kwa walengwa, kwa mbinu, kwa mahali na kwa mfululizo? Kila jibu lina hatua yake.

Hesabu ndogo zinavyodanganya

Kata ni eneo dogo, na namba ndogo zina tabia ya kuruka. Tuchukue mfano wa kubuni wa kata yenye watu 10,000. Mwaka wa kwanza hutokea kosa moja la mauaji. Mwaka wa pili yanatokea mawili. Mtu aweza kusimama na kutangaza kwamba mauaji "yameongezeka kwa asilimia 100," na hatakuwa amesema uongo. Mwaka wa tatu hakuna hata moja, na mtu yuleyule atatangaza kwamba yamekoma kabisa. Mwaka wa nne hakuna, na wa tano linatokea moja.

Jumla ya miaka mitano ni makosa 4, sawa na wastani wa 0.8 kwa mwaka. Wastani huo ndio unaoonyesha hali halisi ya kata hiyo, na asilimia za mwaka mmoja hutupeleka juu na chini bila maana. Kila roho iliyopotea ni msiba kamili kwa wafiwa, na hakuna wastani unaoupunguza. Lakini kwa kupanga ulinzi, tazameni miaka mitano, wala si mwaka mmoja.

Jambo la pili ni idadi ya watu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 864,652 katika Mkoa wa Lindi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,194,028. Hilo ni ongezeko la takriban asilimia 38 katika miaka kumi. Sasa tuseme, kwa mfano tu, kwamba mkoa ulikuwa na kesi 300 za kujeruhi mwaka 2012 na kesi 400 mwaka 2022. Masikioni, ongezeko ni la theluthi nzima. Lakini ukigawanya kwa idadi ya watu, mwaka 2012 zilikuwa kesi 34.7 kwa kila watu 100,000, na mwaka 2022 zilikuwa 33.5. Kesi zimeongezeka, lakini hatari ya mtu mmoja mmoja imepungua kidogo. Ndiyo sababu wataalamu hutumia kipimo cha "kwa kila watu 100,000." Ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia Dawa za Kulevya na Uhalifu, kwa mfano, ilikadiria kwamba mwaka 2021 watu 458,000 waliuawa duniani kwa makusudi, sawa na watu 5.8 kwa kila 100,000.

Jambo la tatu ndilo linaloleta mabishano zaidi. Kitabu cha taarifa cha kituo cha polisi hakiandiki makosa yote yaliyotendeka. Huandika makosa yaliyoripotiwa. Mkaguzi wa Polisi akipangiwa kata na wananchi wakamzoea, au Dawati la Jinsia na Watoto likifanya kazi vizuri, idadi ya kesi inaweza kupanda. Kupanda huko huenda kukawa habari njema, kwa maana waliokuwa wakilia kimya sasa wamepata mahali pa kusemea. Vivyo hivyo, kijiji kisicho na kesi hata moja mwaka mzima chaweza kuwa kijiji chenye amani, na chaweza pia kuwa kijiji chenye woga.

Kisichovuma nacho kinaua

Tukizungumzia usalama, fikra zetu hukimbilia barabarani usiku: mtu asiyejulikana, panga, pikipiki iliyozimwa taa. Hatari hiyo ipo, na msimu wa malipo ya korosho na ufuta huiongeza, kwa kuwa fedha nyingi huzunguka na ulevi huongezeka. Mkulima anayelipwa kupitia benki asitoe fedha zote kwa siku moja, wala asitangaze kilabuni kiasi alichopata.

Lakini takwimu zinatuelekeza pia mahali pengine. Utafiti wa Taifa wa Hali ya Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2015/16 uliwauliza wanawake wenyewe, majumbani mwao, bila kusubiri waende polisi. Asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walisema wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipotimiza miaka 15, na asilimia 17 walisema wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono. Utafiti kama huo wa mwaka 2022 ulipata asilimia 27 na asilimia 12. Kupungua huko ni hatua ya kushukuru. Hata hivyo, asilimia 27 maana yake ni zaidi ya mwanamke mmoja kati ya kila wanne. Hesabu wanawake wanaochota maji kisimani asubuhi, utaelewa uzito wa namba hiyo.

Kwa watoto, utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Na duniani kote, katika mwaka 2021, asilimia 56 ya wanawake na wasichana waliouawa kwa makusudi waliuawa na wenza wao au na ndugu wa familia. Kwa wanaume ilikuwa asilimia 11.

Funzo lake ni bayana. Kwa mwanamke na mtoto, mahali pa hatari mara nyingi ni nyumbani, na mtu wa hatari mara nyingi anajulikana kwa jina. Kikundi cha ulinzi kinachozunguka barabarani hadi alfajiri hakiwezi kuona yanayotendeka nyuma ya mlango uliofungwa. Anayeona ni jirani, mwalimu, mhudumu wa afya na balozi. Mtoto aliyebadilika ghafla shuleni, mama anayesema kila mwezi kwamba "nilianguka," ugomvi wa mpaka wa shamba unaorudi kila msimu wa kulima: hizo ni nyufa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Sheria inasemaje, nasi tufanye nini?

*Makosa ya kingono hayamalizwi kifamilia.* Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, ambayo masharti yake yamo katika Kanuni ya Adhabu, inaweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa kosa la ubakaji, isipokuwa katika mazingira maalumu yaliyotajwa na sheria. Mbuzi, fedha au ndoa ya haraka havifuti kosa hilo. Aliyefanyiwa ukatili asioge wala asifue nguo alizovaa, na afikishwe kituo cha afya mapema iwezekanavyo, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72. Fomu ya polisi namba 3, yaani PF3, ni muhimu kwa ushahidi. Lakini hali ya majeruhi ikiwa mbaya, uhai kwanza: ndugu mmoja ampeleke kwa mganga, mwingine afuate fomu kituoni.

*Migogoro ya ardhi ina njia yake.* Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata hufanya usuluhishi wa migogoro ya ardhi, na limepewa siku 30. Likishindwa, shauri hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kupeleka mgogoro wa mpaka barazani mwezi wa kwanza ni bora kuliko kupeleka majeruhi hospitali mwezi wa tatu. Ndivyo ilivyo pia kwa migogoro ya wakulima na wafugaji: taarifa ya mifugo shambani itolewe siku hiyohiyo kwa Mtendaji wa Kijiji, kabla fimbo na mapanga havijainuliwa.

*Ulinzi wa jadi una mipaka.* Sungusungu walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika mikoa ya Shinyanga na Tabora, wananchi walipochoshwa na wizi wa ng'ombe na unyang'anyi. Leo vikundi vya ulinzi shirikishi ni msaada mkubwa kwa polisi, navyo vinapaswa kuwa chini ya kamati ya ulinzi na usalama ya kijiji. Mwananchi anayo haki ya kumkamata mtu anayetenda kosa mbele ya macho yake, lakini anao wajibu wa kumkabidhi polisi bila kuchelewa. Hana haki ya kumpiga, kumchoma moto wala kumhukumu.

*"Wananchi wenye hasira kali" si jina la kuficha kosa.* Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 14, inampa kila mtu haki ya kuishi, na ibara ya 13(6)(b) inazuia mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hajathibitika kuwa na hatia. Sheria yetu pia inatambua nia ya pamoja: aliyerusha jiwe la kwanza na aliyeleta tairi wote wanaweza kushtakiwa kwa mauaji. Takwimu nazo zina neno hapa. Kijiji kinachomuua mtuhumiwa mmoja wa wizi hakijapunguza uhalifu. Kimegeuza kosa la mali kuwa kosa la mauaji, na kimeongeza namba ileile kinayoiogopa.

*Dhamana si msamaha.* Wengi hukata tamaa wanapomwona mtuhumiwa amerudi mtaani. Dhamana humruhusu mtuhumiwa kusubiri kesi akiwa nje, na kesi yake inaendelea. Kwa makosa kama mauaji na unyang'anyi wa kutumia silaha, sheria haitoi dhamana. Kesi nyingi hudhoofika kwa sababu mashahidi hawatokei. Ukiitwa kutoa ushahidi, nenda.

Maswali matano ya kuuliza mkutanoni

Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu, na taarifa ya ulinzi na usalama ni haki yako kuisikia. Itakaposomwa, uliza kwa adabu yafuatayo:

1. Ni makosa mangapi, kwa majina yake? Neno "uhalifu" peke yake halitoshi.
2. Yalitokea wapi, siku gani na saa ngapi? Majibu haya ndiyo hupanga doria.
3. Je, ni sawa na kipindi kama hiki mwaka jana? Msimu wa korosho ulinganishwe na msimu wa korosho, wala si na masika.
4. Kati ya makosa hayo, ni mangapi watu walikuwa wakijuana? Jibu litaonyesha kama tunahitaji doria zaidi au usuluhishi zaidi.
5. Taarifa zilizopita zimefikia wapi: polisi, mahakamani, au zimeishia njiani?

Kamati inayoweza kujibu maswali hayo inahitaji daftari moja, kalamu moja na mtu mwaminifu. Iandike tarehe, saa, mahali, aina ya kosa na hatua iliyochukuliwa. Majina ya waliofanyiwa ukatili yasisomwe hadharani kamwe. Baada ya miaka mitatu, daftari hilo litajibu kwa uhakika swali ambalo leo tunalijibu kwa hisia: je, hali imechafuka au imetulia?

Kwa dharura, piga simu ya polisi namba 112. Kwa ukatili dhidi ya mtoto, piga namba 116 bila malipo. Kwa shauri lisilo la dharura, muone Mtendaji wa Kijiji au wa Kata, Mkaguzi wa Polisi wa Kata, au Afisa Maendeleo ya Jamii.

Mzee aliyesema "zamani hatukuwa hivi" anastahili heshima, kwa kuwa ameishi na ameona. Lakini anastahili pia jibu lenye namba, lililoandikwa na watu wa kijiji chake mwenyewe. Mkutano ujao, mwenye daftari asimame baada yake.

*Imeandaliwa na Kitengo cha Mawasiliano Serikalini cha Halmashauri kwa ajili ya wakazi wa kata.*